Bolti Nne za Papa Anatole

Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sawa, nimesikia. Lakini mimi nimekaa kimya vya kutosha, na leo nitajitembeza mwenyewe; anayekereka azibe masikio. Ile kamionete, pikapu ya bluu inayotoka Misiera, huku kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kila asubuhi na nyanya, na mihogo, na mama mwenye uchungu wa kuzaa, na siku moja hata fahali wa Kinyankore ambaye pembe zake zilikuwa karibu kunivunjia kioo cha nyuma, niliitengeneza mimi. Viviane, binti Anatole. Sikusimama pembeni nikaelekeza watu. Niliitengeneza kwa mikono hii.

Ni Peugeot 404, ya mwaka 1974. Nilipozaliwa niliikuta. Papa aliinunua Uvira kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga duka, akawa anapeleka ndagala, dagaa wa ziwani, na unga wa mihogo Bukavu, na kwenye ubao wa nyuma akaandikisha neno moja kwa rangi nyeupe: TUTAFIKA. Watu wa mjini wakamwita yeye mwenyewe kwa jina hilo. Wakiuliza kama Tutafika amepita, hawakuwa wakiuliza gari, walikuwa wakiuliza Papa. Hata mimi shuleni nilikuwa mtoto wa Tutafika, na nilipenda.

Mwaka 1998 vita vilipoanza tena, Papa alipakia watu kumi na tisa. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimekaa juu ya gunia la maharagwe, miguu imebanwa na cherehani ya jirani. Tulipita Goma, tukapita Rutshuru, tukavuka mpaka Bunagana, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa habari ya usukani. Kwetu Kongo gari linapita upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo volan inakaa kushoto. Uganda ni kinyume. Papa akajikuta amekaa upande wa majani, na kila akitaka kulipita lori hakuona kitu mbele isipokuwa matako ya hilo lori. Basi Mama yangu, Orpa, akatoa kichwa kwenye dirisha la kulia kuanzia Kisoro, akawa macho yake. Ngoja, kuna basi. Ngoja bado. Haya, sasa pita. Tuliingia Mbarara kupitia Ruti, mlangoni mwa mji, Mama shingo imekakamaa na uso mzima umejaa vumbi.

Zilikuwa zimebaki kilometa nne kufika Base Camp, penye ofisi za kambi ya Nakivale, injini ikapiga mlio mmoja wa chuma, ikanyamaza. Pistoni ilikuwa imetoboa ubavu. Watu kumi na tisa wakashuka, na wengine waliokuwa wanatembea kwa miguu wakaja kutusaidia, tukaisukuma kilometa zote nne tukiimba wimbo wa ibada, Papa ndani ameshika volan. Tulipopewa kiwanja Misiera, mtaa mmoja wa kambi hiyo, tukaivuta tukaiegesha mbele yake, kando ya barabara. Papa akaweka mawe chini ya ekseli, akaifunika kwa hema bovu, akasema tutaitengeneza siku ya kurudi nyumbani.

Ikakaa hapo miaka kumi na sita.

Msifikiri aliitupa. Kila Jumamosi Papa alifunua hema, akapaka grisi, akazungusha volan kushoto na kulia ili isikwame. Jumapili baada ya ibada aliingia ndani na suti yake, akakaa nyuma ya volan, akasoma Biblia kidogo, akatoka. Kuku walitaga kwenye bodi na hakuwafukuza, ila kwenye kiti chake hakuna kuku aliyethubutu. Watoto wa Misiera walimwona mzee wa kanisa anayeendesha gari lisilokwenda, wakamcheka. Mimi nilimpiga mmoja wao, mama yake akaja kushitaki, nikamwambia nitampiga tena.

Nilipofika miaka kumi na tisa nilikwenda Mbarara kutafuta maisha. Nilianza kwa kuuza chai Ruti, kwenye gereji ya Munyankore mmoja, Bonaventure, mtu mnene wa maneno machache ambaye Kiswahili chake alijifunza kwa wanajeshi. Siku moja mchomeleaji wake hakuja, na kulikuwa na geti la mtu linangojwa. Nilikuwa nimeangalia kwa miezi minane. Nikaweka birika chini, nikavaa miwani, nikachoma. Bonaventure akapitisha kidole kwenye mshono, akasema, "Wewe, chai basi." Ndiyo ilikuwa barua yangu ya kazi.

Nikajifunza kuchomelea, kisha breki, kisha injini. Miaka minane. Mafundi wa kiume walikuja wakaondoka, mimi nikabaki. Lakini kitu kimoja kilikuwa kinaniuma, nakisema wazi: Papa hakuwahi kumwambia mtu yeyote kazi yangu. Kanisani wakimuuliza Viviane yuko wapi, alijibu kwamba anafanya kazi Mbarara, mambo ya magari, kisha akauliza habari za mvua. Sikujua kama ni haya au ni nini. Nilikuwa narudi Jumapili na gauni safi na kucha nyeusi, na yeye anaangalia kucha zangu, halafu anaangalia pembeni.

Mwaka 2014, mwezi wa nne, watu wa ofisi ya kambi wakaja kupima barabara. Ilikuwa inapanuliwa. Kila kitu kilichokaa karibu mno kilitakiwa kiondoke kabla ya tarehe thelathini ya mwezi wa sita, siku ya Jumatatu, ambayo trekta la kuchonga barabara lingefika Misiera. Mmoja wao akafunua hema la Papa, akachora msalaba mwekundu mkubwa kwenye mlango. Maana yake chuma chakavu: kitakatwa, kitapakiwa, kitakwenda kwa wanunuzi wa chuma. Papa akawaambia hilo ni gari. Yule mtu, wala hakuwa mkali, akamjibu kwamba gari lenye karatasi na linalotembea ni gari, na lisilo na karatasi ni chuma, na alete karatasi kabla ya siku hiyo.

Mama ndiye aliyenipigia simu. Alisema Papa hali chakula.

Nikaomba ruhusa kwa Bonaventure, nikapanda gari la kwenda Nakivale siku hiyohiyo. Nikazunguka kamionete kuanzia pua hadi mkia na nyundo ndogo mkononi, nagonga bati kusikia palipooza. Sakafu ilikuwa imeliwa. Breki zilikuwa historia. Lakini mifupa ilikuwa mizima, na volan ilizunguka laini kwa sababu ya Jumamosi zote zile. Nikamwambia Papa inawezekana. Si kuisimamisha tu ipigwe picha. Itatembea kila siku, Misiera mpaka Mbarara, na mzigo. Nitaweka injini ya Toyota ya dizeli kutoka kwenye basi dogo lililogongwa, na gia boksi yake. Breki za mbele za diski. Taa mpya, mikanda, sakafu mpya. Papa akakubali yote bila shida.

"Moteri ni mufanyakazi tu," alisema. "Akikufa, unatafuta mwingine."

Nikamwambia jambo la mwisho. Ili ipewe karatasi ya kubeba watu na mizigo yao huku Uganda, volan lazima ihamie kulia. Bonaventure mwenyewe alikuwa ameshaniulizia kwa polisi wa barabarani. Papa akainuka, akaingia ndani, akafunga pazia.

Tulipoteza wiki mbili hapo. Wiki mbili nzima, na siku zinahesabika. Mimi hasira zangu zinajulikana, sikuzificha. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi: Papa, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, sisi jembe tulipewa zamani, limekwisha makali, na wewe bado umekaa kama mtu anayengoja chai ya ugeni. Mama akanivuta mkono. Papa hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyonikata maini.

"Siku ya kurudia kwetu," akasema, "nitashika volan fasi gani? Batu ba Uvira banione niko ku majani, sawa mugeni?"

Nikarudi Ruti nimevimba. Nikachoma kazi za watu vibaya siku mbili, mpaka Bonaventure akanirudishia moja niifanye upya. Siku ya tatu mtu akaleta tangi la maziwa, mfuniko wake umefungwa kwa bolti pande zote ili ufunguliwe na kuoshwa. Niliangalia lile tangi nikaacha kazi. Fundi wa kuchomelea ana ugonjwa wake: kila tundu akiliona anataka kulichoma. Lakini kilichochomwa kimekwisha, na kilichofungwa kwa bolti kinafunguka.

Jumapili nikamwekea Papa bolti moja mkononi, ya sipana namba kumi na tatu. Nikamweleza. Volan itahamia kulia, lakini tundu lake la kushoto sitaliziba kwa moto. Nitakata kibati, nitakifunga kwa bolti nne. Vishikizo vya zamani vya pedali nitaviacha palepale. Saa yako ya mwendo itabaki mbele yako, mpya itakuwa upande wangu. Siku ya kurudi nyumbani, nipe siku moja na sipana, utaingia Uvira umekaa mahali pako. Akaigeuza ile bolti, akaipima kwa dole gumba.

"Hautachoma?"

"Sitachoma, Papa."

"Hata siku moja?"

"Nyinyi ndio mlionifundisha kwamba ndiyo iwe ndiyo. Sitachoma."

Basi tukaanza. Bonaventure akaturuhusu kuivuta mpaka Ruti kwa lori la mchanga. Kuhusu karatasi za forodha sitasimulia, zitanichafua roho bure. Itoshe kusema kwamba Papa alikuwa ametunza kila kipande chenye muhuri ndani ya Biblia, na Mama akapanga foleni za ofisi mpaka zikatimia. Mimi nilikuwa na chuma, na chuma nakielewa.

Kilichobaki kilikuwa chombo cha usukani chenyewe. Peugeot ya kushoto huwezi kuibadilisha kwa kuota. Unahitaji kifaa cha ndugu yake wa kulia. Na Bonaventure, mtu aliyekuwa anajibu kwa neno moja miaka minane, ndipo akafungua mdomo. Nyumbani kwao Kaberebere, nyuma ya jiko, ilikuwepo 404 ya marehemu baba yake, ile ya abiria, usukani wa kulia. Ilimpeleka mama yake harusini. Vita vya mwaka sabini na tisa waliifunika kwa majani ya migomba ili askari wasiichukue, na ikaokoka, ila haikutembea tena.

Papa alitaka kuja na sisi. Akavaa suti. Alipofika hakuisalimu tu ile familia, alilisalimu na gari, akaweka mkono juu ya boneti kama unavyomshika mtu bega. Kisha akaingia, akasogeza usukani kwa kidole kimoja kuona umelegea kiasi gani. Akasema huyu alikuwa na dereva mzuri. Mama yake Bonaventure, kikongwe, hakujua Kiswahili hata kidogo, lakini aliyaona yale yote, na akamwambia mwanawe kwa lugha yao kwamba mtu huyu apewe. Hakutaka hata shilingi. Tulimwachia mkungu wa ndizi na sabuni.

Mei yote na karibu Juni yote nililala nimejikunja na kuamka nimejikunja. Nilikata sakafu nikaweka mpya. Nilichomelea vishikio vya injini mara tatu, mara ya kwanza ilikaa juu, mara ya pili ikakaa kombo, mara ya tatu ikakaa kama imezaliwa pale. Nilihamisha pedali, nikahamisha usukani, nikageuza waya zote. Rangi niliipiga mwenyewe, bluu ileile. Msalaba mwekundu niliukwangua kwa msasa mpaka nikaona chuma, na nilifurahi sana kuukwangua. Neno TUTAFIKA nilifuata alama za zamani kwa brashi ndogo, sikuongeza hata nukta. Na kwenye ukuta unaotenganisha injini na miguu, upande wa kushoto, nikafunga kibati changu kwa bolti nne, grisi juu.

Jumatano ya wiki ya mwisho niliiendesha mwenyewe kutoka Ruti mpaka Misiera. Nilipopiga honi, watu walitoka madukani. Walikuwepo watano kati ya wale kumi na tisa, na mmoja wao, mama wa cherehani, alikaa chini kwenye vumbi akalia. Papa akatoka na suti, katikati ya wiki. Nikashuka, nikamwachia mlango wazi. Na yeye, mbele ya Misiera nzima, akazunguka gari, akafungua mlango wa kushoto, akapanda, akafunga, akanyoosha mikono kushika volan.

Mikono ikabaki hewani. Miaka arobaini ya mazoea haihami kwa sababu binti yako amehamisha chuma. Mtu mmoja nyuma akacheka, nikamgeukia, nilikuwa na sipana mkononi, akaacha. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikajiona mimi ndiye mwizi, nimemwibia mzee mahali pake mchana kweupe. Papa akaishusha mikono taratibu, akaiweka magotini. Hakushuka.

Ijumaa alfajiri tukaenda Mbarara kwa ukaguzi. Mimi kulia, Mama katikati akilalamika kwamba gia inamgonga goti, Papa kushoto, mahali pake. Baada ya Kaberebere tukalikuta lori la matoke linatambaa mlimani. Mama, kwa mazoea, akainuka akanilalia begani atafute dirisha. "Ngoja, Viviane, ngoja nione," akaanza. Lakini mimi nilikuwa naona. Barabara ilikuwa nyeupe mbele yangu mpaka kileleni, na hakuna kitu kinachokuja. Nikawasha taa ya pembeni, nikapita, nikarudi upande wangu. Mama akakaa. Papa alikuwa ameligeukia lori lile linavyobaki nyuma, kisha akaniangalia mimi muda mrefu, kisha akaangalia mbele.

Mkaguzi alikuwa polisi mwembamba, mwenye adabu, na macho ambayo hayakuruka kitu. Alijaribu breki, akaridhika. Taa, akaridhika. Alilala chini akatikisa usukani, akainuka akasema huu umefungwa vizuri. Mimi tayari nilikuwa nimevimba kichwa. Kisha akaweka kichwa upande wa kushoto, pale chini, akagonga kibati changu kwa kalamu.

"Hii nini?"

Nikamweleza, tundu la usukani wa zamani. Akasema moto ukitokea kwenye injini, utapita hapo kumfuata abiria. Lazima kichomwe, kuzunguka chote. Nikabisha. Nikamwambia bolti hizo zinaweza kubeba gari zima, nikamwambia mambo mengine ambayo polisi haambiwi, mpaka Mama akaanza kukohoa. Yeye hakupandisha sauti. Akasema nikilirudisha kabla ya saa kumi na moja limechomwa, ataliangalia. Nikichelewa, basi ni Jumatatu.

Jumatatu ilikuwa siku ya trekta. Mnaelewa sasa nilivyosimama pale. Nikichoma, nimevunja neno nililompa baba yangu, neno lenyewe lililomfanya akubali. Nisipochoma, Jumatatu gari lake halina karatasi, na lisilo na karatasi ni chuma. Niliendesha mpaka Ruti bila kuona njia. Nikaingiza gari gerejini, nikazima, nikakaa. Machozi yalinitoka, nasema ukweli, na mimi si mtu wa kulia mbele ya mafundi.

Papa akashuka. Akamwomba Bonaventure sipana namba kumi na tatu. Akavua koti la suti, akampa Mama, akapiga magoti kwenye saruji yenye mafuta na suruali yake ya kanisani, akaingiza kichwa chini ya saa yake ya mwendo. Nikasikia bolti ya kwanza inalegea. Zilikuwa na grisi, zilitoka kwa urahisi. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Akainuka nazo kiganjani, akaziangalia.

"Choma," akasema.

"Papa, nilikuahidi."

"Uliniahidia mimi. Na mimi njo ninakufungua." Akapumua. "Kutoka Kisoro sikuwa naona njia, Viviane. Mama yako njo alikuwa anaona. Leo nimeona wewe unaona mwenyewe. Choma, mutoto wangu. Tena vumbi yote ya Kaberebere imepita mu tundu yako, iko mu suruali yangu."

Mama akacheka huku analia. Mimi nikavaa miwani. Nimechoma mageti ya matajiri, nimechoma matangi, nimechoma chesisi za malori, lakini mshono kama ule sijawahi na sijui kama nitarudia. Niliuzungusha polepole, bila kukatika, matundu manne ya bolti nikayajaza moja moja. Papa hakusogea. Bonaventure alimwambia asiangalie ule mwanga kwa macho matupu, akampa miwani, akaivaa, na akaangalia mpaka mwisho. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniona nafanya kazi.

Tulifika kwa mkaguzi saa kumi na nusu. Akainama, akapitisha ukucha kwenye mshono, mzunguko mzima, akarudia. Akauliza nani amechoma hii. Aliuliza akimwangalia Bonaventure, aliyekuwa amekuja nasi nyuma kwenye bodi. Kabla Bonaventure hajafungua mdomo, Papa akasimama mbele.

"Ni huyu mutoto wangu mwanamuke," akasema, kwa sauti aliyokuwa akisomea Maandiko kanisani. "Gari yote ni yeye. Moteri, freni, volan, rangi. Yeye njo fundi. Mimi niko dereva wa zamani tu."

Mkaguzi akanitazama, akatazama kucha zangu, akatia sahihi.

Jumatatu saa mbili asubuhi trekta likafika Misiera. Yule mtu wa ofisi akashuka na orodha yake akitafuta chuma chenye msalaba. Alikuta mawe mawili na udongo mweusi wa mafuta. Mimi nilikuwa namjia kwa mbele, nina magunia kumi na nne ya viazi na akina mama sita, nikapiga honi ndefu kuliko inavyohitajika. Alisogea, akasoma ubao wa nyuma, akanipungia kwa karatasi. Nilijivuna siku nzima, na sioni kwa nini nisijivune.

Sasa ni mwaka mmoja umepita. Kamionete haijalala barabarani hata siku moja. Papa anapanda kila Jumatano kwenda soko la Mbarara, mlango wa kushoto, na anashika magoti yake. Akitokea mtu mgeni kanisani anayeuliza habari zangu, Papa haulizi tena mvua. Anamshika mkono anamtoa nje akamwonyeshe mshono. Kuhusu kurudi nyumbani bado tunasali kama zamani. Zile bolti nne hakunirudishia, nami sikuziomba. Ziko kwenye mfuko wa koti lake la suti, na Jumapili tukisimama kuimba zinagongana, nami kutoka upande wa akina mama nazisikia.